Mega Nne za Mwishehe

Mega nne ndizo zilizopotea nyumbani kwa Mwishehe, Tandika, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua mega moja ina ukubwa gani. Haikujulikana kama inashikika au inavunjika. Lakini zilipotea, na kitu kikipotea mbele ya Mwishehe hapalaliki mpaka kipatikane, au apatikane aliyekichukua.

Alikuwa amekaa stoo ya kiwanda cha nguo muda mrefu kuliko alivyokaa na mkewe. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapewa chao wakaambiwa kwaheri, wenzake walinunua mabati, wengine wakaoa wake wa pili. Mwishehe alinunua laptopu. Alichekwa mtaa mzima, maana ndiyo siku ambazo watu walikuwa wakisema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa. Hakujali. Aliiweka sebuleni juu ya meza ya kulia, akaifunika kitambaa cha kufuma, akamkabidhi mkewe Chausiku, ambaye ujanani alisomea kupiga chapa. Chausiku akawa anachapa kadi za mchango wa harusi, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule, na nyumba ikawa inakula.

Kasoro ilikuwa moja. Kadi ikiwa na maua, mashine ilisinzia. Ua moja la waridi lilichukua muda wa kuchemsha chai, na mteja anakutazama. Badru, mdogo wake Chausiku, aliyekuwa fundi redio hapohapo kibarazani kwao, akasema inataka kuongezewa memori. Ilikuja na mega thelathini na mbili, ikipata thelathini na mbili nyingine zitakuwa sitini na nne na maua yatatembea. Mwishehe akampa fedha. Badru akaenda Kariakoo, akarudi na kipande chembamba kama biskuti, akailaza mashine kifudifudi kwenye benchi lake, akafungua skrubu, akakipachika. Maua yakatembea kweli. Siku hiyo Mwishehe alimwita Badru "injinia" mbele za watu.

Baadaye akaja Kornelio, karani wa shule, kuchapisha mtihani. Alikuwa amesoma kompyuta kidogo na alitaka ijulikane. Akaomba kupitisha mkono, akabonyeza hapa na pale, akamwonyesha Mwishehe mahali mashine inapojieleza yenyewe. Mwishehe akasoma, akauliza sitini na ngapi. Kornelio akasema sitini kavu, mzee, akaongeza kwamba mafundi wa siku hizi wana mchezo wa kubadilisha vipande. Akalipia mtihani wake, akaenda zake. Huenda mpaka leo hajui alichokiacha pale.

Mwishehe hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Alimwita Badru sebuleni, hakumwambia akae, akaizima mashine na kuiwasha upya. Kwenye weusi wa kioo tarakimu zikakimbia, zikasimama kwenye sitini.

"Thelathini na mbili na thelathini na mbili ni ngapi?"

"Sitini na nne, shemeji."

"Soma hapo."

Badru akasoma. Akainama, akasoma tena kwa karibu, mikono yake yenye harufu ya risasi ya kuchomelea akaificha nyuma. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kwamba hakujua. Redio angefumba macho akakwambia inaumwa nini, lakini mashine hii alijua kuifungua na kuifunga, na hesabu ile ilimshangaza kuliko ilivyomshangaza mwenye mali. Akasema labda aliuziwa pungufu.

"Stoo hakuna labda," alisema Mwishehe. "Kilichoingia ndicho kitakachoonekana. Kisipoonekana, kuna mtu anacho."

Chausiku alikuwa mlangoni, ungo wa mchele mkononi. Alimtazama mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akangoja aseme neno la kujitetea. Badru akasema tu kwamba yeye hakuchukua kitu. Alilisema kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika, kwa sababu hakuwa na hakika ya chochote kilichokuwa ndani ya ile mashine. Mwishehe akaisikia sauti hiyo, na kwake ikawa ushahidi.

Badru alipotoka, Mwishehe akamwambia mkewe kwamba atapeleka jambo kwa shehe ikasomwe halbadiri.

*

Mtaani kwao halbadiri ni neno ambalo mtu halitamki huku anakula. Kikisomwa kisomo kile, mwizi hapelekwi polisi. Anaachwa, atavimba tumbo, ataongea peke yake, watu watamwona. Kwa hiyo ipo desturi, tena ya huruma, kwamba kabla hakijasomwa panatangazwa, ili aliyechukua arudishe mapema yaishe. Mwishehe aliifuata desturi. Baada ya sala ya Ijumaa alisimama pale kwa Anwar muuza kahawa, mbele ya wacheza drafti, akasema nyumbani kwake kumeibwa kitu cha ndani ya kompyuta, na aliyekiiba anakaa kibarazani kwake. Asiporudisha kabla ya Ijumaa ya pili, atasomewa. Jina hakulitaja. Kibaraza chake kilikuwa na fundi mmoja tu.

Jumamosi walikuja watu kuchukua redio zao. Walikuja kwa adabu zote. Huyu alisema ameghairi, yule alisema anasafiri na redio yake, ikiwa mbovu hivyohivyo. Mama Tabu wa nyumba ya nyuma alileta mtu wa kumbebea televisheni yake iliyokuwa wazi, kifuniko upande na skrubu kwenye kifuko, akashukuru. Badru aliwasaidia kufunga kamba. Jioni benchi likabaki na mita yake, pasi ya kuchomelea, bisibisi na kopo la gundi.

Chausiku aliyaona yote dirishani huku anachapa kadi. Alitegemea atalia, hakulia. Alikuwa amekufa ganzi, vidole vinachapa majina ya kamati ya maandalizi na yeye mwenyewe hayupo. Jambo lililomkaa rohoni si aibu ya Badru. Alisikia tangu utotoni kwamba kisomo kile kikimkosa mwizi hakipotei bure. Kinarudi kwenye nyumba kilikotoka, kinatafuta aliye dhaifu. Na binti yake Raudha, aliyeolewa Sinza, alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya mbili kuharibika.

Aliliomba jambo hilo liondoke akilini, halikuondoka. Alimwamini Badru. Na kwa sababu alimwamini, ndipo alipozidi kuogopa, maana kama Badru hakuiba basi mwizi hayupo, na kama mwizi hayupo kisomo kitamwendea nani?

Jumatano alimfuata kibarazani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Badru. Kubali tu."

Hakuelewa kwanza. Akamuuliza akubali nini.

"Sema ulichukua. Sema ulitaka fedha ukanunua pungufu. Utarudisha, yataisha, hakitasomwa kitu. Mie najua hukuchukua."

"Sasa dada kama unajua, mbona usimwambie yeye?"

"Nimemwambia. Hasikii." Akamtajia Raudha.

Badru alikuwa ameshika waya, anaukunja na kuukunjua. Raudha ni yeye aliyembeba mgongoni, miaka ambayo Chausiku alikuwa akichapa ofisini mpaka jua linazama. Hakumtazama dada yake. Aliuliza kama Raudha anaendelea vizuri, akaambiwa vizuri, namshukuru Mungu. Akasema basi sawa.

Usiku haujaingia alikuwa amekwisha kusema. Alisimama palepale sebuleni, akasema shemeji nisamehe, ni mimi. Mwishehe akamwuliza alifanyaje, na ikabidi Badru atunge, naye hakuwa mtunzi. Alisema aliona kipande kizuri na kipande pungufu, akanunua pungufu, tofauti akaila. Tofauti ya kiasi gani? Akataja kiasi. Uliila na nani? Akasema peke yangu, chipsi. Mwishehe akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwamba mtu akikosa akakiri amekuwa mtu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Anwar kutangaza kwamba mhusika amekiri na kisomo hakipo. Alidhani anamtendea Badru wema.

Badru aliuza mita na pasi kwa fundi mmoja wa Temeke Mwisho, akaweka fedha ya kipande kipya juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya mashine. Kisha akaaga kwamba amepata kazi ya kulinda kiwanja cha mtu huko Madale. Wakati huo Madale ni vichaka na vilima, nyumba ya kwanza na ya pili hazionani. Aliondoka na mfuko wa plastiki. Chausiku alimsindikiza mpaka penye bomba la maji, wakaachana bila maneno, kama watu watakaoonana jioni.

*

Safari hii Mwishehe hakutaka fundi afungue mashine yake gizani. Alivaa kanzu, akamchukua mkewe awe shahidi, wakaenda mjini, Mtaa wa Indira Gandhi, kwenye duka la mzee Jafferali aliyeuza kompyuta na mashine za kutolea nakala. Mzee mwenyewe alikuwa msikitini. Alikuwepo binti yake, Zehra, miwani usoni, mtandio begani, anakula karanga.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Mwishehe akaeleza anachotaka: kipande cha memori cha mega thelathini na mbili, kamili, si cha Kariakoo, na kipachikwe mbele ya macho yake. Zehra akafungua kabati la kioo, akatoa kipande kilichofungwa bado, akampa akiangalie. Mwishehe akakigeuza juu chini kama anayekagua robota la uzi. Zehra akaigeuza mashine, akachomoa kipande cha Badru, akapachika kipya, akawasha.

Tarakimu zikakimbia. Zikasimama kwenye sitini.

Mwishehe akasogea karibu na kioo. Akamwomba azime awashe tena. Akazima, akawasha. Sitini.

"Na hiki nacho pungufu?" aliuliza.

"Hapana mzee, kipo kamili. Hata hiki ulichokuja nacho kipo kamili. Vyote sawa." Akakilaza mezani pamoja na mfuko wa kile kipya, akamwonyesha maandishi yanayofanana.

"Sasa nne zangu ziko wapi?"

Zehra akagonga kioo cha laptopu kwa ukucha. "Hizi hapa."

Alieleza bila haraka, huku anamenya karanga. Kila unachokiona kwenye kioo, herufi, maua, hata huu weusi, lazima kikae kwenye memori kwanza ndipo kionekane. Kompyuta za bei kubwa, kioo kimewekewa memori yake chenyewe, hakimwombi mtu. Hizi ndogo, ili ziwe nyepesi na za bei nafuu, hazikuwekewa. Kioo na mashine vinakula sinia moja. Ukiwasha tu, kabla ya hesabu yoyote, kioo kinachota fungu lake, nne, na mashine inakuonyesha zilizobaki. Hakuna aliyeiba. Hazijatoka hata humo ndani.

"Mzee si ulikuwa kazini? Mshahara ukikufikia mkononi umeshakatwa makato. Ndiyo hivyohivyo."

Mwishehe akasema yeye alinunua memori ya kuchapia, hakuinunulia kioo. Zehra akatabasamu, akasema bila hizo nne angechapa bila kuona anachochapa. Mwishehe akauliza kama zinaweza kuzuiwa. Haiwezekani. Kisha Zehra akauliza swali la kawaida tu, la mtu wa dukani anayetaka kumridhisha mteja.

"Kabla hujaongeza, ilikuwa inasoma ngapi?"

Mwishehe hakujua. Mtu wa stoo hapokei mzigo mpya bila kuhesabu uliopo. Ndilo jambo la kwanza analofundishwa, naye aliwafundisha wengine, wakaandikiwa barua za onyo walioliacha. Hakuhesabu. Siku Badru anapachika, yeye alikuwa kibarazani anawaelekeza watu jinsi mambo yanavyokwenda.

"Ishirini na nane," alisema Chausiku.

Wote wawili wakamgeukia. Yeye ndiye aliyeiwasha kila asubuhi. Kila asubuhi tarakimu zilikimbia na kusimama mahali pamoja, naye aliziona anapofunga kanga vizuri na kuvuta kiti. Alidhani ni namba ya mashine, kama namba ya gari. Hakuna aliyemuuliza, naye hakufikiri kwamba ni kitu cha kusemwa.

"Na ilikuja na thelathini na mbili," alisema Zehra. "Si unaona mama? Nne zilezile. Toka mwanzo."

Chausiku aliona. Aliona kibaraza, na waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Akashika ukingo wa meza, na Zehra akamsogezea kiti akidhani ni joto.

Mwishehe aliuliza kama duka litapokea kipande kirudi. Zehra akasema kwa masikitiko kwamba kikishafunguliwa hakirudi, na mashine ile ina nafasi moja tu ya kuongezea. Kwa hiyo Zehra akakirudisha cha Badru mahali pake, wakatoka na kile kipya kisicho na kazi, Mwishehe amekifunga ndani ya leso. Wakarudi nyumbani. Mwishehe akala wali, akanawa, akasema basi yameisha, mwambie Badru arudi, watu wasifufue maneno.

*

Kwenda Madale ilimchukua Chausiku nusu siku, sehemu kubwa kwa miguu kutoka Tegeta, kupanda. Alimkuta Badru ameketi juu ya tofali, mbele ya msingi ambao nyasi zilikuwa zimeanza kuuzidi. Amekonda, ndevu zimemtoka. Akasimama kumpokea mkoba, akamuuliza Raudha. Chausiku akasema mzima, atajifungua wiki yoyote sasa. Akampa leso.

Alimweleza kama alivyoelezwa, kioo, fungu, sinia moja, na njiani alikuwa amejizoeza asikosee. Badru alisikiliza kama fundi. Aliuliza kama kila mashine ndogo iko hivyo, akaambiwa si zote. Aliuliza kama kwenye kile kipande chake kulikuwa na kasoro yoyote.

"Hakina. Kipo kamili."

Alikigeuza kipande kipya kwenye kiganja, kisha akakirudisha ndani ya leso, akaifunga fundo.

"Unajua dada," alisema, "mie nilishaanza kuamini nimechukua."

Chausiku akaketi ukingoni mwa msingi.

"Nakaa hapa najiuliza, ile siku Kariakoo nilibaki na chenji? Niliifanyia nini? Naikumbuka mpaka chipsi nilizokula. Na sikula."

Alimwomba warudi wote siku ileile. Badru akatikisa kichwa. Alisema shemeji alimtangaza kwa mdomo wake, mara mbili, kwa Anwar, na amtangaze tena kwa mdomo huohuo. Akisikia limetangazwa atarudi. Hakulisema kwa hasira. Akamchumia mapapai mawili, akamsindikiza mpaka barabarani.

Mwishehe aliambiwa. Ijumaa ikapita, akaswali akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Ijumaa nyingine hivyohivyo. Chausiku alimtayarishia kanzu, akamwambia baba Raudha ni leo, na Mwishehe akasema magoti yanamuuma, ataswalia nyumbani. Alikuwa na haya, na haya hiyo kwake ilikuwa nzito kuliko jina la mdogo wa mkewe.

Basi alikwenda Chausiku. Alifunika mashine, akajitanda kanga, akapita mbele ya wanaume waliokuwa wanatoka msikitini mpaka pale kwa Anwar. Wacheza drafti wakainua vichwa. Wakamwitikia salamu. Akasema, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyokusudia, kwamba Badru hakuiba. Hakuna kitu kilichoibwa. Wamethibitisha mjini, kitu kilikuwa ndani ya mashine siku zote.

Anwar akampangusia kikombe, akampa kahawa, hakutaka fedha. Mmoja akasema alhamdulillahi. Wakanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo Chausiku aliitambua, ndiyo waliyokuja nayo siku ya kuchukua redio.

"Ni vizuri dada kumsitiri nduguyo," alisema Anwar. "Lakini si alikiri mwenyewe?"

"Nilimwambia mie akiri."

Akasema hilo na alitegemea kitu kitatokea. Wakatazamana. Mwenye zamu ya kucheza akasogeza kete yake. Anwar akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu ambaye hakuiba haambiwi akubali akakubali, hata akiambiwa na mama yake mzazi.

Chausiku akanywa kahawa, akarudisha kikombe, akashukuru. Nyumbani alikuta mteja ameketi kwenye benchi tupu la Badru, anangoja kadi za harusi zenye maua. Akamkaribisha ndani, akafunua mashine, akaiwasha. Tarakimu zikakimbia, zikasimama zilipokuwa zinasimama siku zote. Mteja akauliza kama itachukua muda, Chausiku akamwambia hapana, siku hizi ni haraka, kuna mtu aliitengeneza.